Damu ya Mzee Haijapoa

Katika kambi na katika nyumba za askari husemwa mara nyingi kwamba mtu akishapita miaka 50 damu yake hupoa. Kijana ndiye mwenye damu moto: akitukanwa hutetemeka, macho humtoka, moyo humwenda mbio. Mzee hutukanwa akanyamaza, akachukua mkongojo wake akaenda zake. Kwa sababu hiyo jamaa humbebesha mzee mambo mazito yote. Yeye ndiye agongewe mlango usiku wa manane kupewa habari ya msiba, yeye ndiye akae katikati ya ugomvi wa shamba, yeye ndiye adaiwe karo ya wajukuu huku malipo yake ya uzeeni hayajafika. "Mwacheni," husema, "huyo amekwisha zoea."

Dhana hiyo ina madhara. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba damu ya mtu wa miaka 60, hata akiwa ameketi kimya kivulini, aghalabu huwa na noradrenalini nyingi kuliko damu ya kijana wa miaka 25. Noradrenalini ni mojawapo ya homoni zinazouamuru mwili ujiweke tayari kwa hatari. Kengele ya mzee, basi, hailii kidogo kuliko ya kijana. Hulia zaidi, na hukawia kunyamaza. Lililobadilika ni mishipa ya damu inayoisikia kengele hiyo. Hilo ndilo ninalokusudia kulieleza, kwani wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wana mzee nyumbani, au wao wenyewe wanaukaribia mwaka wa kustaafu.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo, yenye uzito wa gramu 4 au 5 tu. Mwaka 1894 mganga mmoja wa Uingereza, George Oliver, pamoja na mtaalamu Edward Schäfer wa London, walionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa katika tezi hizo, yakitiwa katika damu ya mnyama, huipandisha presha yake kwa ghafla na kwa nguvu. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameipata kemikali yenyewe ikiwa safi, katika hali ya fuwele, akaiita adrenalini. Noradrenalini, ambayo ni kama ndugu yake, ilitambuliwa mwaka 1946 na Ulf von Euler wa Sweden kuwa ndiyo inayotolewa na ncha za mishipa ya fahamu iliyoizunguka mishipa ya damu. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970. Ya tatu ni kortisoli, itokayo katika ganda la tezi zile zile za juu ya figo. Hii haina haraka. Hufanya kazi kwa saa nyingi, hata kwa siku, na mojawapo ya kazi zake ni kuifanya mishipa iwe myepesi wa kuzitii zile mbili za kwanza.

Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 kwamba mambo hayo yote ni matayarisho ya kupigana au kukimbia. Askari hana haja ya kusomeshwa habari hiyo. Aliyewahi kuviziwa porini anakumbuka jinsi kinywa kilivyomkauka, tumbo likakaza, miguu ikapata nguvu asizozijua. Wakati huo damu huwa imeondolewa katika ngozi na matumbo, ikapelekwa mapajani na mikononi. Risasi zikinyamaza, kijana huyo baada ya muda mfupi hucheka na wenzake na kuomba sigara. Mishipa yake imekwisha legea.

Lakini yawezekanaje kemikali moja ikaze mshipa huu na kuulegeza ule? Jibu lilitolewa mwaka 1948 na Raymond Ahlquist, Mmarekani, naye mwanzoni hakusikilizwa sana. Alisema kwamba chembe za mwili zina vipokezi vya namna mbili, akaviita alfa na beta. Tuvifananishe na masikio. Masikio ya alfa yaliyo katika mishipa, yakisikia noradrenalini, huamuru: kaza. Yale ya beta yaliyo katika moyo huamuru: piga mbio, na yale ya beta katika mishipa inayolisha misuli huamuru: legea. Kwa mtu mwenye afya na umri mdogo amri hizi husawazishana, ndiyo maana presha yake hupanda kwa kiasi na kurudi mahali pake.

Kuna na jambo la tatu, ambalo lilikawia kujulikana. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa New York, akitumia vipande vya mshipa mkuu wa sungura, alionyesha kwamba utando mwembamba ulio ndani ya mshipa si bitana tu. Utando huo ukipanguswa, dawa iliyokuwa ikiulegeza mshipa haikuulegeza tena. Wakati mwingine iliukaza. Baadaye ilithibitishwa kwamba utando huo hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo hupenya katika msuli wa mshipa na kuulegeza. Furchgott na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye uzee. Masikio ya beta ndiyo huwa mazito zaidi. Wataalamu waliliona jambo hili tangu miaka ya 1970 walipowapa vijana na wazee dawa ifananayo na adrenalini: ili moyo wa mzee uongeze mapigo kwa kiasi kile kile, ilihitajika dawa nyingi zaidi. Mishipa nayo ikaonekana kuwa hivyo hivyo. Ya mzee hailegei kama ya kijana. Sababu mojawapo ni hiyo noradrenalini isiyokoma, kwani mtu akaaye jirani na kinu cha kusaga unga mwishowe hakisikii. Masikio ya alfa nayo huchoka kwa kelele hizo, walakini si kwa kiasi kile, na kwa kuwa kengele yenyewe inalia kwa nguvu, amri ya kukaza hupita. Utando wa ndani, ambao ungetoa gesi ya kulegeza, umechakaa. Gesi hutoka kidogo, na hata hicho kidogo huharibiwa upesi na kemikali kali zinazoongezeka mwilini kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo mzani umelala upande mmoja.

Pamoja na hayo mishipa mikubwa yenyewe hukakamaa. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Katika miaka 60 hiyo ni zaidi ya mara bilioni 2 ambazo mshipa mkuu umetanuka na kurudi. Nyuzi za elastini, ndizo zinazoupa mshipa tabia ya mpira, hukatika, na mahali pake hukaliwa na kolajeni iliyo ngumu. Wimbi la pigo la moyo, ambalo kwa kijana husafiri mita 5 au 6 kwa sekunde, kwa mzee laweza kusafiri mita 10 na zaidi. Ndiyo maana baada ya miaka 50 na kitu namba ya juu ya presha huendelea kupanda, na ile ya chini, badala ya kuifuata, huanza kushuka. Mtu aliyepimwa akapata 165 kwa 75 asifarijiwe na jirani kwamba ya chini ni nzuri. Hiyo ndiyo presha ya mishipa iliyokakamaa.

Tazama basi yanavyokuwa mambo haya yote yakikutana kwa mtu mmoja. Mzee wa miaka 65 ameudhiwa. Kengele imelia, noradrenalini imemwagika. Moyo wake, kwa kuwa masikio yake ya beta ni mazito, haukimbii sana. Tena hauwezi kukimbia kama zamani, kwani kanuni ya kukadiria mwisho wa mapigo ni kutoa umri katika 220, yaani 200 kwa mtu wa miaka 20 na 155 kwa huyu. Hatetemeki. Haoni moyo ukimgonga kifuani. Yeye mwenyewe atakuambia kwamba hakukasirika. Lakini vijishipa vyake vimekaza, mshipa mkuu hautanuki kulipokea pigo, na namba ya juu imepanda kuliko ambavyo ingempanda mwanawe katika ugomvi ule ule. Kisha kushuka kwake kunakawia. Uso umetulia, na ndani ya kichwa vijishipa vyembamba vinabeba mzigo huo saa nzima. Wangapi tumesikia kwamba alikula vizuri jioni, hakusema neno, na alfajiri akakutwa mdomo umekwenda upande na mkono mmoja hauna nguvu? Hicho ni kiharusi, na mgonjwa wa namna hiyo hapelekwi kwanza kwa jamaa kushauriana. Hupelekwa hospitali dakika hiyo hiyo.

Sisemi kwamba wazee wafichwe mambo ya nyumbani. Mzee anayefichwa huwaza zaidi, na kuwaza nako kunailiza kengele. Nasema tu kwamba habari nzito yaweza kungoja mapambazuko, apewe akiwa ameketi, na mtu wa karibu naye akae pale hata saa moja au mbili, wala wasimrundikie ya msiba na ya deni katika mlango mmoja.

Kwa upande wa akina mama kuna habari ya pekee. Mwanamke angali katika umri wa kuzaa, homoni yake ya estrojeni huusaidia ule utando wa ndani kutoa gesi ya kulegeza, na masikio yake ya beta hufanya kazi barabara. Hata noradrenalini ikiwa nyingi, mishipa yake huweza kuipinga. Hedhi ikikoma, kwa kawaida karibu na miaka 50, kinga hiyo huondoka, na presha huanza kupanda kwa mwendo wa haraka kuliko ya wanaume wa rika lake. Mama ambaye kwa miaka 30 amelea watoto, amengoja habari za mumewe aliyeko safarini kikazi, na hakuwahi kuambiwa ana presha, asidhani kwamba kipimo cha miaka ile kinamtosha leo.

Mishipa mizee ina kasoro nyingine iliyo kinyume cha hiyo ya kwanza, nayo huwachanganya watu wengi. Mtu akisimama kutoka kitandani, damu ya nusu lita na zaidi hushuka miguuni kwa uzito wake. Kwa kijana, mishipa ya fahamu hugutuka mara moja, mishipa ya damu hukaza, moyo huongeza mwendo, na yeye hahisi kitu. Kwa mzee vile vipimio vilivyo katika mishipa ya shingo na ya kifua vimekuwa vizito, kwa kuwa kuta zilizovishika zimekakamaa, na moyo nao hauitiki upesi. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama, madaktari huhesabu kuwa ni ugonjwa. Mzee yule yule mwenye presha ya kupanda mchana ndiye anayeanguka usiku akienda chooni. Dawa ya kwanza hapa haina bei: aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame huku ameshika kitu. Tumewazoeza wanajeshi kuruka kutoka kitandani filimbi ikilia. Aliyestaafu na aiache desturi hiyo kambini.

Maadamu tumetaja dawa, ziko tatu zinazostahili neno. Za kwanza ni zile zinazoziba masikio ya beta, kama propranolol, iliyotengenezwa miaka ya 1960 na James Black wa Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mgonjwa aliyezizoea asiziache ghafla kwa sababu amejiona mzima au kwa sababu zimemwishia. Masikio yaliyozibwa muda mrefu yakifunguliwa kwa mara moja husikia kelele kuliko kawaida, na moyo waweza kudhurika. Za pili ni zile wanazopewa wazee wa kiume wanaopata taabu ya kukojoa. Nyingi katika hizo huziba masikio ya alfa, na kwa hiyo zaweza kumtia kizunguzungu akisimama, hasa siku za mwanzo. Mwambieni daktari dawa nyingine zote anazokula. Za tatu hununuliwa dukani bila cheti: baadhi ya dawa za mafua zinazozibua pua. Huzibua kwa kukaza mishipa ya puani, walakini haziishii puani. Mwenye presha aulize kwanza.

Je, kupanda kwa presha kwa umri ni sheria ya maumbile? Jibu zuri zaidi nililolisoma linatoka katika ujirani wetu, na linawahusu askari. Katika miaka ya 1960 Gerald Shaper, mtaalamu wa moyo aliyekuwa Makerere, Kampala, na wenzake, waliwapima Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Waliona kwamba presha yao ilikuwa ya chini na kwamba ya wazee wao haikupanda kama inavyopanda kwa watu wengine. Kisha wakawapima vijana wa kabila lilo hilo waliojiunga na jeshi la Kenya, wakaitoa habari yao mwaka 1969. Baada ya miaka michache ya utumishi, presha ya askari hao ilikuwa imepanda kuliko ya wenzao waliobaki na ng'ombe. Damu ilikuwa moja, kabila moja, umri mmoja. Kilichobadilika ni maisha: chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi badala ya maziwa, na mwendo mwingine wa siku. Chumvi, ifahamike, haiongezi maji katika damu tu. Huudhuru ule utando wa ndani na kuufanya ushindwe kuilegeza mishipa.

Mfano wa pili ni wa Italia, katika jimbo la Umbria. Masista 144 wa shirika lisilotoka nje ya nyumba ya utawa walifuatwa kwa miaka 20 pamoja na wanawake wa kawaida 138 wa nchi ile ile, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Presha ya wanawake wa nje ilipanda kwa miaka kama ilivyotazamiwa. Ya masista karibu haikupanda, ingawa chumvi waliyokula haikuwa pungufu. Hatuwezi sote kuingia utawani, na askari polisi hawezi kuliomba jeshi lake limpe ukimya. Ila mfano huo waonyesha kwamba miaka peke yake haikazi mishipa kwa kiasi tunachokiona. Kengele inayolia kila siku nayo ina sehemu yake.

Kati ya mambo yanayoweza kurudisha sehemu ya ulaini uliopotea, la wazi kuliko yote ni kutembea. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitoa habari ya wanaume wa makamo na wazee ambao hawakuwa na mazoezi. Baada ya miezi 3 ya mazoezi ambayo zaidi yalikuwa kutembea kwa haraka, mishipa ya mikono yao ililegea karibu sawa na ya vijana. Hapa ndipo ninapowahurumia wastaafu wetu. Mtu amekimbia na kupiga gwaride miaka 25, kisha siku moja amekabidhi sare, na kesho yake amewekewa kiti chini ya mwembe na watoto wa kumtumia maji. Heshima hiyo inamkakamaza. Aendelee kuamka saa ile ile na kutembea dakika 30, siku 5 za juma, kwa mwendo unaomruhusu kusema lakini si kuimba. Sigara aiache kabisa, kwani nikotini huzikamua tezi zile zile zitoe adrenalini kila anapoivuta. Waragi nayo huamsha kengele hiyo, ijapokuwa mnywaji hujiona ametulia.

Kuhusu kupima: mtu aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, awe hakuvuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa. Kipimo kimoja hakitoshi. Wapo ambao wakiona koti jeupe, au wakijua kwamba bodi ya waganga itaamua kazi yao, kengele hulia palepale na namba ya juu hupanda kwa 20 au 30. Na kwa wazee jambo hili hutokea zaidi. Apimwe tena siku nyingine, na mara moja apimwe akiwa amesimama. Ikiwa 140 kwa 90 imeonekana katika siku mbili au tatu mbalimbali, huyo ana presha, hata kama uso wake umetulia na hajawahi kumgombeza mtu. Kazi hiyo huchukua robo saa, na mama wa nyumba aweza kumsindikiza mzee siku anapopeleka mtoto chanjo.